Kutoka koti mpaka kochi

Besti yangu alinipigia simu ya video jioni moja, nikapokea nikiwa nimejikunyata sebuleni na koti langu jipya, akaniangalia weee halafu akasema, "We hebu jisogeze kidogo, naona kichwa kinaelea tu." Nikadhani mtandao unasumbua. Kumbe koti langu na kochi langu ni kitambaa kilekile, weupe uleule wa maziwa, vinundunundu vilevile vya nyuzi zilizojikunja kama manyoya ya kondoo, na mimi katikati yake nimemezwa, kimebaki kichwa na viganja viwili. Tulicheka mpaka chaji ikaisha. Nilipobaki peke yangu ndo kicheko kikaanza kukauka, maana nilijiuliza swali ambalo kusema kweli nilitakiwa kujiuliza kabla ya kulipa, hivi mimi nilinunua kochi au nilinunua koti la pili la kukalia?

Ni miaka kadhaa sasa. Koti nilishaligawa. Kochi bado lipo, linanitazama.

Nimeona niandike hili kwa sababu kila nikifungua simu nakuta mtu anauliza trendi za mwaka huu kwenye nguo, mwingine anauliza trendi za mwaka huu za sebule, na majibu yakija ni yaleyale! Kahawia. Marinda. Vitu vipana. Vitu vya enzi za wazee. Ukifuta picha ukaacha maneno peke yake huwezi kujua kama wanaongelea suruali au wanaongelea meza. Nguo na nyumba sa hivi vinakula sahani moja, na mimi ambaye nilishaumia kwenye hilo nadhani nina haki ya kusema mawili matatu.

Kwanza hicho kitambaa kilichonimeza. Kinaitwa bukle, neno la Kifaransa, maana yake kilichojikunja kama nywele za mawimbi. Nyuzi zake zimeachwa na vitanzi vidogo vidogo juu, ndo vinavyoleta ule ulaini wa kutaka kulala hapohapo. Na sio kitu kipya hata kidogo. Mwaka 1948 Eero Saarinen, yule msanifu majengo mzaliwa wa Finland aliyefanya kazi zake Marekani, alitoa kiti kinachoitwa Womb, na alikitengeneza kwa sababu Florence Knoll, wa kampuni ya samani ya Knoll, alimwambia amechoka, anataka kiti kama kapu lililojaa mito, mtu unaingia unajikunja ndani. Kikavalishwa bukle. Miaka michache baadaye, 1954, Coco Chanel akiwa na miaka 70 akarudi kwenye kazi ya nguo baada ya kuikaa pembeni muda mrefu, na vile vikoti vyake vya twidi na bukle vikawa kama sare ya wanawake wenye nazo. Kwa hiyo hata zama hizo kitambaa kilikuwa kinatembea huku na huku. Mimi nilikikuta kwenye mzunguko wake wa juzijuzi, karibu na mwaka 2020, watu wamejifungia ndani wanatamani kitu cha kukumbatia, nikakiona kwenye simu kama koti, nikakiona kama kochi, nikakiona kama kigoda cha kuwekea miguu, nikakiona kama mkoba, na ukishakiona kitu mara mia moja ubongo unaanza kuamini ni wewe mwenyewe umekifikiria.

Na Kiswahili kilishalijua hili siku nyingi, sisi ndo hatukusikiliza. Fundi wa makochi hasemi nimefunika kochi, anasema nimelivalisha.

Sasa kuna watu wanapenda kusema huu mchanganyiko umeletwa na mitandao. Hapana. Sonia Delaunay, mchoraji aliyekuwa anaishi Paris, mwaka 1911 alimshonea mwanae mchanga blanketi la vipande vipande vya nguo, vile vipande vikamfungua macho, mwaka 1913 akawa anavaa gauni alilolishona kwa mtindo huohuo, rangi zinagombana kifuani. Kutoka kitandani kwenda mwilini. Finland nako, Armi Ratia alianzisha Marimekko, kampuni ya vitambaa na nguo, mwaka 1951 na akatangaza kwamba kampuni yake haitachapa maua, maua yapo nje yanatosha, akatokea mbunifu wake mmoja mbishi anaitwa Maija Isola, 1964 akachora ua kubwa jekundu la kutosha kujaza ukuta, Unikko, na bosi akalikubali. Lile ua mpaka leo lipo kwenye gauni, pazia, shuka, kikombe, na nadhani limedumu kwa sababu lilichorwa na mtu aliyekuwa amekasirika kidogo.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa sumu.

Mwaka 1775 mkemia Carl Wilhelm Scheele alipata rangi ya kijani kutokana na shaba na aseniki, kijani hai, kijani ambacho rangi za majani na mizizi zilikuwa haziwezi kukitoa vizuri. Mwaka 1814 ikaja nyingine ya ukoo huohuo, inang'aa zaidi. Watu Ulaya wakapagawa. Gauni la dansi la kijani, maua bandia ya kichwani ya kijani, na humohumo karatasi za ukutani za kijani, mapazia ya kijani, yaani mwanamke anatoka kwenye chumba cha aseniki akiwa amevaa aseniki anaenda kucheza na wenzake waliovaa aseniki. Ukuta ukipata unyevu na ukungu karatasi ilikuwa inatoa hewa yenye aseniki. Lakini walioumia mwanzo na vibaya zaidi ni waliokuwa wanatengeneza. London mwaka 1861 binti wa miaka 19 aliyekuwa kazi yake kupaka unga wa kijani kwenye majani ya maua bandia alikufa kwa ile sumu, na kifo chake kikaandikwa sana magazetini. Hata William Morris, ambaye watu wengi tunamjua kwa karatasi zake nzuri za ukutani za maua na ndege, familia yake ilikuwa na hisa kwenye mgodi mkubwa wa aseniki kule Devon, na yeye mwenyewe alikuwa haamini sana habari za ukuta kuua watu. Huwa nawakumbuka wale watu nikiona rangi moja imevamia kila kitu kwa wakati mmoja. Sisemi rangi za sa hivi zinaua! Nasema ule wazimu ni uleule.

Kilichobadilika ni nani anaamua na kwa spidi gani. Lile blanketi la Sonia Delaunay lilitoka kwenye mikono ya mama mmoja. Leo kuna kampuni kazi yake ni kutabiri, WGSN ni mojawapo, ilianza London mwaka 1998, inauza utabiri wa rangi na vitambaa kwa watu wa nguo na inauza pia kwa watu wa samani. Kuna Pantone, kampuni ya rangi, ambao tangu mwaka 2000 wanatangaza rangi ya mwaka, ya kwanza ilikuwa buluu ya anga waliyoiita Cerulean. Giorgio Armani wa nguo alianzisha Armani/Casa ya vitu vya nyumbani mwaka 2000, Zara Home ikaja 2003, H&M nao wakafuata na vitu vyao vya nyumbani. Milan kila Aprili yanafanyika maonyesho ya samani ya Salone del Mobile, yapo tangu 1961, na siku hizi nyumba kubwa za mitindo zinajaa mjini wiki ile kuonyesha taa, viti na mablanketi kana kwamba ni wiki ya nguo. Kwa hiyo anayemwambia mtia rangi wa mashati ndo huyohuyo anamwambia mchanganya rangi za ukuta. Halafu algoriti inamalizia kazi. Ukitazama koti la swedi la kahawia sekunde tatu tu, kesho unaletewa kiti cha swedi cha kahawia.

Basi tuongelee hiyo kahawia maana ndo habari kubwa. Kijivu kimechuja. Wale tulioishi miaka ya 2010 tunakumbuka, ukuta kijivu, sakafu kijivu, kochi kijivu, na mwenye nyumba mwenyewe amevaa hudi la kijivu anaelea humo kama ukungu. Halafu polepole zikarudi rangi za udongo, maruni, kahawia ya ngozi, njano mpauko ya siagi, na Pantone wakabariki kwa kuchagua Mocha Mousse kuwa rangi ya 2025, kahawia laini ya kinywaji. Mimi naipenda kahawia, sina la kuficha. Inasamehe. Inasamehe vumbi, inasamehe mbao ambazo hazijafanana, na mtu akiulamba kahawia juu mpaka chini anaonekana amefikiria hata kama amevaa gizani. Afu kichekesho, rangi ya 2026 wakachagua Cloud Dancer, ambayo kwa lugha ya kawaida ni nyeupe. Nilivyosoma nikageuza shingo taratibu nikaangalia kochi langu. Yaani limerudi kwenye chati wakati ambao mimi nimeshalichoka kabisa na paka ameshalifanyia yake.

Kuna mzee mmoja wa historia ya mavazi, James Laver, alifanya kazi kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert kule London, mwaka 1937 aliweka ratiba ya namna macho yetu yanavyoihukumu nguo. Ikiwa ndo wakati wake inapendeza. Mwaka mmoja baadaye inaonekana imepoa, imechakaa machoni. Baada ya miaka 10 inachukiza. Miaka 20, kichekesho. Miaka 30 inaanza kufurahisha, miaka 50 inakuwa na utamu wa kizamani, 70 inavutia, 100 ina mahaba, na ikifika 150 tunasema tu ni nzuri. Sasa piga hesabu. Kahawia, machungwa iliyoungua, bugaluu, raizoni, makochi ya chini yaliyobonyea, vyote hivyo ni vya miaka ya 1970, vimetimiza hamsini, vipo palepale Laver alipoviweka. Kochi la Togo la Michel Ducaroy ni la 1973, sponji tupu halina fremu ndani, limekaa kama mtu aliyevimbiwa, na sasa kila sebule ya kwenye picha inalo au ina ndugu yake. Suruali zimepanuka, makochi yamepanuka. Sioni kama ni bahati mbaya. Mwili uliotoka kwenye jinzi ya kubana hautaki tena kukaa kwenye kochi jembamba lenye miguu ya sindano, unataka kujimwaga.

Lakini iangalie hiyo ratiba vizuri upande wa nyumba. Shati likifika kwenye mwaka wa kuchakaa machoni unalisukuma nyuma ya kabati, unalisahau, na ukiwa na bahati mwanao atalifufua. Kochi zuri linakaa kama miaka kumi. Maana yake miaka yote ile ya kupoa na kuchukiza utaishi nalo, utakula juu yake, wageni watalikuta, na siku linavunjika ndo liko kwenye hatua mbaya kabisa machoni, kwa hiyo unalitupa bila hata huruma. Rangi kumi za mwaka zitapita likiwa halijasogea.

Kinachonifurahisha kwenye trendi za sasa ni vile vitu vya ufundi wa cherehani kuhamia kwenye samani. Makochi yanavaa sketi. Kweli, sketi yenye marinda mpaka chini, miguu haionekani, na pembeni matamvua. Taa zina vivuli vya kitambaa vimekunjwa kama rinda la gauni la shule, mito ina fundo za utepe, mapazia ya lesi yamerudi wakati huohuo lesi imerudi kwenye blauzi. Sketi ya kochi naishabikia kwa macho tu. Umewahi kuinua ile sketi baada ya miezi mitatu? Usiinue.

Madoadoa na michoro ya chui sitaigusa, inakuja na kuondoka kila mara kama mafua.

Kuchovya chumba, hapo nina maoni makali. Kwenye nguo ni ule mtindo wa kuvaa rangi moja kuanzia shingoni mpaka viatuni, kwenye chumba ni kupaka kuta, dari, mlango, fremu ya dirisha, skatingi, mpaka rafu, vyote rangi moja. Watu wanaogopa wakidhani chumba kitakuwa pango. Mimi nilifanya kwenye kachumba kadogo ka kufanyia kazi, kijani cha mzeituni mpaka juu, na kalikua. Sababu ni kwamba jicho halipati mpaka. Dari likiwa jeupe na ukuta una rangi, jicho linasoma pale ukuta ulipoishia, linajua chumba kifupi, ila vikiwa rangi moja linapotea kidogo, na kupotea ndo nafasi yenyewe. Ni kama mtu mfupi anavyoonekana mrefu akivaa rangi moja bila mkanda wa kumkata katikati. Fundi wangu alibisha kweli, akasema "dada dari ni jeupe, dunia nzima dari ni jeupe," nikamwambia tupake tu nikijuta nitajuta mwenyewe. Kosa tulilofanya ni dogo, mlango tuliupaka rangi ya mafuta na ukuta rangi ya maji, namba ileile ya rangi, lakini mafuta yanang'aa na maji hayang'ai, ikaonekana kama rangi mbili zilizojaribu kufanana zikashindwa. Mkifanya, tafuteni ya mlangoni isiyong'aa sana.

Na ukuta kwa kweli ndo nguo ya nyumba. Ukijuta, wikiendi moja na makopo machache umeshabadilisha. Kwa hiyo anayetaka kukimbiza rangi ya mwaka akaikimbize ukutani huko, au kwenye foronya. Shida yangu ni mtu kukimbiza rangi ya mwaka kwenye vigae vya bafuni, kwenye makabati ya jikoni, kwenye kochi. Huko ni kufa na tai shingoni.

Kuna kitu hakuna aliyeniambia wakati ule nanunua na ningekijua ningepona. Vitambaa vya kukalia vinapimwa. Kipimo kinaitwa Martindale, mashine inashika kipande cha kitambaa inakisugua na sufu, inazunguka na kuzunguka kwa uzito maalumu, wanahesabu misuguo mpaka nyuzi zianze kukatika. Kochi la kukaliwa kila siku nyumbani unatafuta kama misuguo 20,000 au zaidi. Kitambaa cha koti hakihitaji hizo namba, koti linasuguliwa kwapani na begani basi, tena miezi michache kwa mwaka. Mimi kwenye kochi nakaa palepale, kona ileile, kila jioni, mguu uleule nimeukunja chini, sasa hesabu mwenyewe. Na bukle ina tatizo la ziada ambalo hiyo namba haikuambii vizuri, vile vitanzi vinanasa. Zipu ya suruali inanasa, pete inanasa, na paka wangu aliona lile kochi siku ya kwanza akaliangalia kama mtu aliyeletewa zawadi. Kwenye koti kitanzi kikichomoka unakirudisha kwa sindano, kwenye kochi vikichomoka mia tatu unaanza kutupia shali juu na kujifanya ni staili. Afu koti unapeleka dobi. Kochi langu kava halivuliki, limepigwa pini kwa chini, hilo nalo nililigundua siku nilipomwaga chai.

Jua nalo. Kuna kipimo cha kupauka, wanatumia vipande vya sufu za buluu vimepangwa namba 1 mpaka 8, moja inapauka haraka, nane inavumilia. Gauni lako linakaa kabatini gizani, kochi linakaa dirishani miaka.

Halafu taa, ambayo nadhani ndo inawaangusha wengi wanaopenda hizi kahawia na udongo. Nguo yako inapita kwenye mwanga wa kila aina kwa siku moja, jua, ofisi, gari, usiku, na hakuna mtu anayekaa kuikagua. Ukuta unakaa na balbu ileile. Balbu ya njano ya 2700K (hiyo K ni kipimo cha rangi ya mwanga) inaipasha kahawia moto, inakuwa kama ngozi iliyopakwa mafuta, ukiweka ile nyeupe kali ya 5000K na kuendelea kahawia ileile inakuwa tope. Kuna rangi mbili zinaweza kufanana kabisa mchana dukani zikakataana usiku nyumbani, sio macho yako mabovu, ni namna zilivyochanganywa. Kwa hiyo mimi siku hizi kabla ya kupaka au kununua chochote natafuta nguo yenye rangi inayokaribiana, natundika kwenye henga ukutani pale pale, naiacha wiki. Wageni wanauliza kwa nini sketi iko ukutani. Naipima.

Sasa niseme kidogo la takataka ingawa najua linaharibu starehe. Marekani, shirika lao la mazingira EPA lilihesabu kwamba mwaka 1960 watu walitupa samani kama tani milioni 2.2, na mwaka 2018 zikafika milioni 12.1, asilimia 80 ya hizo zikaenda kufukiwa ardhini. Nguo tumeshazoea kulaumiwa, kila mtu ameona picha za milima ya nguo, ila samani zinapita kimyakimya. Na hazirudiki kirahisi, ukilifungua kochi la bei rahisi ndani unakuta chipbodi, gundi, pini elfu, sponji limegandishwa na kitambaa ambacho ni poliesta imechanganywa na kitu kingine, hakuna mwenye muda wa kutenganisha. Zile lebo za "imetengenezwa na poliesta iliyorejelezwa" zisikutoe machozi pia, karibu yote inatoka kwenye chupa za plastiki, na chupa ingeweza kurudi kuwa chupa, ikishakuwa kochi safari yake imeishia hapo. Umoja wa Ulaya wana sheria mpya ya bidhaa ilianza Julai 2024, kampuni kubwa zinakatazwa kuharibu nguo na viatu ambavyo havijauzwa kuanzia Julai 2026, na kwenye orodha ya bidhaa za kuwekewa masharti ya kudumu na kutengenezeka, nguo zimewekwa pamoja na samani na magodoro. Wameona walichoona.

Ndo maana trendi moja ambayo nadhani itakaa ni hii ya kurekebisha kitu na kutoficha. Kwenye nguo ilianza na zile sindano za sashiko za Kijapani, jinzi imechanika goti unaishona kwa uzi mweupe unaoonekana, na sasa watu wanaonyesha makochi yana viraka vya makusudi, viti vimebadilishiwa kitambaa sehemu ya kukalia tu, mgongo umebaki wa zamani. Nilijaribu kwenye makucha ya paka. Nilichukua uzi wa kahawia nikashona misalaba misalaba mkononi mwa kochi, ikatoka kama mtu aliyetoka hospitali. Lakini ile saa nzima ya kushona ndo kwa mara ya kwanza nililishika lile kochi vizuri, nikalibonyeza, nikalitikisa, na nikagundua halilii.

Nikamwita fundi wa makochi, akaligeuza miguu juu, akachomoa pini chache akachungulia na tochi ya simu, akagonga mbao kwa kisu. Akasema, "Mifupa mizima hii. Ngozi ndo imechoka." Mbao ngumu, mikanda iko sawa, sponji la kona moja tu limelala, ile kona yangu. Akaniuliza nataka alivalishe nini. Nikamwambia kodroi, ile ya matuta matuta, kahawia iliyoiva. Akanitazama. "Umeitoa kwenye simu?"

Nikakiri. Nimeitoa kwenye simu.

Ila safari hii nilimwambia asubiri, nikaenda kwenye mitumba nikatafuta jaketi la kodroi ya rangi hiyohiyo, matuta mapana, na ninalivaa. Nimelivaa sasa miezi saba. Nimelivaa kazini, nimelilalia kwenye basi, nimelimwagia chai kwa bahati mbaya na mara moja kwa makusudi, nimelitundika chini ya balbu ya sebuleni usiku, paka nimemwachia juu ya kitanda na yeye amelinusa akaondoka zake, labda kwa sababu halina vitanzi. Rangi sijaichoka. Asubuhi nikifungua kabati mkono unaenda wenyewe. Kitu kimoja tu, viwiko. Kwenye viwiko matuta yameanza kulala, kuna kipara kidogo kinang'aa kila upande, na mkono wa kochi pale ninapoegemea ni kiwiko cha siku zote.

Fundi amepiga juzi kuuliza kama nimeamua. Nimemwuliza kama anaweza kuweka kodroi kote halafu mikononi aweke ngozi, kama vile viraka vya ngozi vya kwenye viwiko vya majaketi ya walimu. Amekaa kimya sana, nikadhani simu imekatika. Halafu akasema nimletee hilo jaketi alione.